Stadi za msingi za jiografia katika shule za upili (Kakamega)

Stadi za msingi za jiografia humwezesha mwanafunzi kusoma ramani, kupima umbali, kukadiria mwinamo wa ardhi, kutaja mahali kitu kilipo na kurekodi hali ya hewa. Katika mfumo wa 8-4-4 wa Kenya zilifundishwa tangu Kidato cha Kwanza, na usomaji wa ramani ya skeli ya 1:50,000 umekuwa swali la lazima katika karatasi ya kwanza ya KCSE.

Kwa skeli hiyo, sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Barabara yenye kona hupimwa kwa uzi: hulazwa juu ya mchoro wa barabara, ukafuatishwa kila pindo, kisha ukanyooshwa kwenye mstari wa skeli. Uzi ukilegea, jibu limeharibika. Kosa sugu zaidi ni la gridi. Mashariki husomwa kwanza, kaskazini baadaye. Ukizigeuza tarakimu, zahanati inahamia mtoni.

Mji wa Kakamega wenyewe ni zoezi zuri. Uko karibu na longitudo 34°45′ mashariki, ilhali saa ya Kenya imefungwa kwenye 45°. Kwa kuwa kila digrii ni dakika 4, jua la Kakamega huchelewa nyuma ya saa ya ukutani kwa wastani wa dakika 41. Kijiti kilichosimamishwa wima uwanjani hulithibitisha hilo: kivuli kifupi kuliko vyote hakiji saa sita kamili, bali karibu saa saba kasorobo. Hesabu inayochosha ubaoni huaminika mara moja ikionekana chini ya miguu.

Kontua nazo zina hila zake. Jiwe la Ilesi, nguzo ya matale kando ya barabara ya Kisumu, lina kimo cha makumi ya mita, lakini kwenye ramani ambayo kontua zake hupishana kwa mita 20 huenda lisipate zaidi ya moja au mbili. Mteremko wa Nandi, upande wa mashariki, hauhitaji kutafutwa, mistari imebanana.

Somo la mvua halikosi malighafi. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi zikimwagika alasiri pamoja na radi, baada ya jua kupasha joto hewa yenye unyevu wa Ziwa Victoria. Kipimamvua husomwa saa tatu asubuhi, kwa hiyo aliyeloweshwa na mvua ya Jumanne hujua kiasi chake Jumatano.