Kuusema Mlima kwa Ulimi wa Pili

Jioni moja ya masika, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, binti wa marehemu kaka yangu alinijia hapa nyumbani Moshono akiwa na daftari kwapani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na daftari saa hizi?"

Yuko kidato cha pili. Shuleni kwao walikuwa wakitarajia wageni kutoka ng'ambo, naye alikuwa amechaguliwa kuzungumza mbele yao kwa Kiingereza, kwa dakika tano, juu ya nchi yetu, utamaduni wetu na mazingira yetu. Alitaka nimsikilize. Akasimama wima katikati ya sebule, mikono nyuma, akayatoa maneno yote kwa pumzi mbili: Tanzania iko Afrika Mashariki, ina makabila zaidi ya mia, ina Kilimanjaro, Serengeti na Zanzibar, watu wake ni wakarimu. Hakukosea hata neno moja. Nilipompigia makofi, nilinyoosha kidole dirishani, upande wa kaskazini, ambako mawingu yalikuwa yakifunguka na bega la Mlima Meru limeanza kuonekana.

"Na huu je?"

Akautazama mlima, akalitazama daftari. "Huo haumo kwenye maandishi, baba mdogo."

Jibu hilo limenikaa moyoni, na ndilo lililonituma kuandika makala haya. Mtoto aliyezaliwa chini ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500 alikuwa amejifunza kuisema nchi yake kwa lugha ya wageni, na katika kujifunza huko mlima wake ulikuwa umepotea. Nilijiuliza: tumefikaje hapa? Nanyi wasomaji wa ukurasa huu, mnaopima mizani na kuchambua maneno, naamini swali hili ni lenu kama lilivyo langu.

Tuanze mbali kidogo. Huku kwetu mtoto hajawahi kuwa na lugha moja tu. Waarusha wanasema Kimaa, jirani zao Wameru wanasema lugha yao ya Kibantu, na Kiswahili kilipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya biashara. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walipojaribu kuweka kituo Akeri mwaka 1896, wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa, na Wajerumani wakajibu kwa bunduki na moto. Miaka michache baadaye wamisionari walirudi, wakafungua vituo Nkoaranga na Ilboru, na hapo ndipo watoto wengi wa eneo hili walipokutana na kalamu kwa mara ya kwanza. Wamisionari walizipenda lugha za wenyeji kwa ajili ya mahubiri. Serikali ya Kijerumani, ambayo tangu miaka ya 1890 ilikuwa na shule yake Tanga, ilikitaka Kiswahili kwa ajili ya makarani na maakida. Kila mkubwa alichagua lugha iliyofaa kazi yake.

Waingereza walipokuja walikikuta Kiswahili kimeshakuwa cha ofisini, wakakichukua na kukisanifu. Mombasa mwaka 1928 lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Darasani kukawa na ngazi mbili: madarasa ya chini kwa Kiswahili, ya juu kwa Kiingereza. Ngazi hiyo iliwafundisha watoto jambo ambalo halikuandikwa ubaoni, kwamba Kiswahili ni lugha ya kuanzia na Kiingereza ni lugha ya kufikia.

Gharama yake ilionekana hapa hapa kwenye miteremko ya Meru. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru takriban 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Wameru walichangishana fedha, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, hadi New York. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa.

Hebu tulitazame tukio hilo kwa jicho la mpenda lugha. Baraza lile lilifanya kazi zake kwa Kiingereza na Kifaransa. Jina la mahali palipogombewa ni la Kimaa, na maana yake ni maji mekundu. Waliofukuzwa walilia kwa lugha yao, wakajadiliana kwa Kiswahili na wenzao wa makabila mengine, na mwishowe kilio chao ikabidi kipite katika tundu la sindano la lugha ya yule yule aliyewafukuza. Ardhi haikurudishwa wakati ule, kwa kuwa azimio lililowatetea halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Hata hivyo dunia ilisikia, na habari ile ikawa miongoni mwa mbegu za siasa ya uhuru. Kirilo hakwenda kule na orodha ya sifa za Tanganyika. Alikwenda na neno lililomuuma, na neno hilo alikuwa amelijua kwa lugha ya mama yake kabla ya kulijua kwa nyingine yoyote.

Takriban miaka kumi baada ya moto ule, dunia ilianza kuijia Meru kwa sababu nyingine. Mwaka 1960 ilianzishwa hifadhi ya Ngurdoto, ambayo leo tunaiita Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Wakati huo huo Wamarekani walikuja kupiga picha za filamu ya John Wayne katika maeneo haya, Momella ikiwemo, na filamu hiyo ilipotoka mwaka 1962 ilibeba neno letu kama lilivyo: *Hatari!* Neno safari lilikuwa limekwisha kuingia katika Kiingereza tangu karne ya 19, na leo hata Mrusi hulitamka hivyo hivyo. Wageni hawakuona haya kuchukua maneno yetu walipoyahitaji. Walitwaa mawili matatu wakaendelea na safari zao.

Nimemtaja Mrusi kwa makusudi, maana kwake kuna kioo kinachotufaa. Mwaka 1961, mwezi Mei, serikali ya Urusi ya Kisovieti ilipitisha azimio la kuboresha ufundishaji wa lugha za kigeni. Zikaongezwa shule maalumu ambamo watoto walianza Kiingereza wakiwa wadogo, na katika baadhi yake hata jiografia ilifundishwa kwa lugha hiyo. Mwaka huo huo, mjini Moscow, ilichapishwa kamusi ya Kiswahili na Kirusi. Na Desemba 9 ya mwaka huo huo bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa. Mambo matatu ya mwaka mmoja, na kila moja linauliza ni lugha gani itakayomkutanisha mtoto na dunia.

Mtoto wa Kirusi naye alikariri. Warusi wana mzaha wanaoujua wote, mkubwa kwa mdogo, juu ya sentensi ya Kiingereza cha shule isemayo kwamba London ni mji mkuu wa Uingereza. Vizazi vilisimama darasani na kuitamka bila kosa, ilhali wengi wao hawakuwa na ruhusa wala nauli ya kuiona London. Maandishi hayo ya kukariri, juu ya nchi, sikukuu, wanyama na hali ya hewa, wanayaita topiki. Niliposoma habari hizo nilimwona binti yetu na mikono yake nyuma.

Ila kuna tofauti mbili, nazo ni kubwa. Kwanza, mtoto wa Kirusi hujifunza hesabu, fizikia na historia kwa Kirusi, na Kiingereza kwake ni somo. Akikwama katika Kiingereza, hajakwama katika elimu. Pili, tangu mwaka 2015 mtihani wao wa taifa wa lugha za kigeni umeongezewa sehemu ya kuzungumza. Mtahiniwa husoma kwa sauti, huuliza maswali, hueleza picha, na sauti yake hurekodiwa. Mtu hawezi kueleza kwa maneno ya kukariri picha ambayo hajawahi kuiona.

Kwetu mambo yamegeuka juu chini. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, na andiko la Elimu ya Kujitegemea lililofuata mwezi Machi, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma. Mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Ilionekana kwamba hatua ya sekondari ingefuata. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Serikali haikuukubali ushauri huo. Utafiti wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulionesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi kilikuwa duni mno kubeba masomo, na dawa iliyochaguliwa ikawa kuongeza Kiingereza. Mwalimu Nyerere, ambaye ndiye aliyemvika Shakespeare kanzu ya Kiswahili katika *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia. Sera ya mwaka 2014 ilifungua tena mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote, lakini hadi leo mtoto wa shule ya msingi ya umma, akivuka tu kuingia kidato cha kwanza, hukuta biolojia na jiografia vimevaa Kiingereza.

Na Kiingereza hicho anachodaiwa asubuhi hadi jioni, mtihani wake wa kidato cha nne hufanywa kwa kalamu. Kwa hiyo tunaye mtoto anayesomeshwa karibu kila kitu kwa lugha ambayo hapimwi kuisema. Si ajabu akisimama mbele ya mgeni hujishikiza kwenye karatasi kama mtu avukaye mto wa Themi uliofurika anavyojishikiza kwenye kamba.

Simlaumu mwalimu wake. Mwenye darasa la watoto sitini na kipindi cha dakika arobaini hukaririsha kwa sababu ndiyo njia inayomwezesha kumfikia kila mmoja. Wala sikichukii Kiingereza. Mji wetu wa Arusha umeishi kwa lugha nyingi. Mahakama ya kesi za Rwanda ilikaa hapa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa, na vijana wengi wa Moshono hupata ugali wao kwa kuwaongoza wageni milimani na mbugani. Mwenye kutaka kuwanyima lugha hiyo anawanyima mkate.

Basi jioni ile nilimwambia binti aweke daftari mezani. Nikamwuliza yule kima mweusi mwenye manyoya meupe ya kuning'inia, anayeruka mitini kule Ngurdoto, tunamwitaje. "Mbega," akasema mara moja. Kwa Kiingereza? Kimya. Mfereji unaoshusha maji shambani? Kimya. Engare Nanyuki maana yake nini? Akatabasamu, akanieleza kwa Kiswahili kizuri kabisa, kisha akanisimulia habari ya kufukuzwa watu kama bibi yake alivyomsimulia. Alisimulia kwa dakika kumi, mikono ikicheza, bila kutazama karatasi yoyote. Hakukosa la kusema hata kidogo. Alichokosa ni madaraja machache ya kulivusha.

Tulikaa jioni tatu. Hatukuandika hotuba. Kila alichotaka kukieleza alikisema kwanza kwa Kiswahili hadi kikakaa sawa, ndipo tukakitafutia Kiingereza, na pale ambapo Kiingereza kilikataa, aliliacha neno letu na kulifafanua. Mbega akabaki mbega. Kama wao walivyochukua safari na hatari, wachukue na hili.

Siku ya wageni ilifika. Aliniambia baadaye kwamba Kiingereza chake kilikatika mara nyingi, tena alikosea nyakati za vitenzi. Mwenzake aliyemtangulia alikuwa amekariri vizuri, akashangiliwa. Yeye hakushangiliwa sana. Ila alipomaliza kueleza habari ya maji mekundu, mgeni mmoja alimwuliza swali, naye akalijibu. Kisha la pili, naye akalijibu. "Baba mdogo," aliniambia, "yule mama alitaka kujua kweli."

Hapo ndipo kazi yetu washairi na wapenda lugha ilipo. Vitabu vya mazingira ya kwetu kwa Kiswahili bado ni vichache, na majina ya ndege, miti na mawe yanazama pamoja na wazee wanaoyajua. Mtoto asipoyapata kwa lugha aijuayo, hatakuwa na cha kutafsiri. Tuyaandike, tuyatungie, tuyaweke mdomoni mwao mapema. Nami kwa upande wangu namwachia binti yetu ubeti huu, aubandike ndani ya jalada la daftari lake:

Mlima wangu wa Meru, nikuite jina gani,
Ndimi mbili si kufuru, zikikaa kifuani,
Ya mama hunipa nuru, ya pili nayo thamani,
Asemaye yuko huru, asemapo ya moyoni.