Gati la Mtwara na Mikorosho ya Newala

Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga. Serikali ya Uingereza ilianza mpango wake mkubwa mwaka 1947, ikatandika na reli ya kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukavunjika. Gati lilipofunguliwa mwaka 1954, karanga zilizotarajiwa hazikuwepo. Baada ya Uhuru reli nayo iling'olewa.

Novemba moja niliuzunguka mji huo peke yangu, kamera begani. Reli sikuiona, niliona malori yaliyoshuka kutoka Masasi na Newala, yamesheheni magunia ya korosho. Wakubwa walichora ramani, lakini waliokuja kuilisha bandari ni wakulima wa jembe la mkono. Picha zangu zilinasa magunia; mikono iliyoyajaza haimo. Historia ya gati lile ni ya mikono hiyo.