Mafuta, chumvi na utando wa seli: kwa nini ORS inamwokoa mgonjwa wa kipindupindu

Wengi wetu "utando wa seli" tuliukariri kwa ajili ya mtihani wa Baiolojia, mtihani ukaisha na habari ikaishia hapo. Leo naiweka kwa Kiswahili na kwa mifano ya huku kwetu Tabora, maana hii kitu inahusu uhai wa mtu kabisa. Twende taratibu.

1. LIPIDI NI NINI?

Ni ukoo mzima wa vitu vya mafuta mafuta ambavyo havichanganyiki na maji. Nta ya nyuki wa Tabora ni lipidi. Samli ni lipidi. Mafuta ya karanga pia, na mawese yanayotoka Kigoma.

Asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba, mawese yanaganda kwenye chupa lakini mafuta ya karanga yanabaki majimaji. Kwa nini? Molekuli za mafuta zina mikia. Kwenye mawese karibu nusu ya mikia imenyooka, kwa hiyo inapangana na kushikana. Kwenye karanga mingi imepinda, haipangiki vizuri.

2. UTANDO UMEJENGWAJE?

Kila seli ya mwili imezungushiwa utando mwembamba sana, kama nanomita 5 hadi 8 hivi. Umejengwa hasa kwa fosfolipidi. Hizi zina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Kwa hiyo zinajipanga zenyewe safu mbili, kama watu waliolala miguu ikielekeana katikati na vichwa vikiwa nje.

Mwaka 1925 Gorter na Grendel wa Uholanzi walitoa lipidi kwenye chembe nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji. Zikafunika eneo kama mara mbili ya lile la chembe zenyewe. Ndipo wakasema: safu ni mbili. Mwaka 1972 Singer na Nicolson wa Marekani wakaeleza kwamba utando huo si mgumu kama ukuta wa tofali. Unatiririka, na ndani yake zinaelea protini. Mikia iliyopinda inaufanya uwe laini, iliyonyooka inaukaza, na kolesteroli inasawazisha.

3. KAZI YAKE: GETI

Oksijeni inapita yenyewe bila shida. Chumvi haipiti. Chukua chumvi ya Uvinza, ile iliyochemshwa kutoka kwenye chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja na kuuzwa kwenye njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Ukiitia kwenye maji inagawanyika kuwa sodiamu na kloraidi, zote zina chaji ya umeme, na mafuta yanazikataa. Sukari nayo inakwama. Lazima vipite kwenye milango, na milango hiyo ndiyo zile protini.

4. KIPINDUPINDU KINAHARIBU NINI?

Njia ya misafara haikubeba chumvi na pembe tu. Kipindupindu kiliingia Zanzibar mwaka 1869, na daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi huko, James Christie, alichapisha kitabu mwaka 1876 akionyesha jinsi ugonjwa ulivyosafiri na misafara ya biashara. Wala si mambo ya kale tu: Mei 2015 kililipuka Kagunga, mkoani Kigoma, kati ya wakimbizi waliotoka Burundi.

Sumu ya vijidudu hivi inanasa kwenye lipidi moja ya utando wa seli za utumbo, inaitwa GM1. Halafu inaingia ndani na kuuacha wazi mlango wa kloraidi. Kloraidi inamwagika kwenye utumbo, sodiamu inafuata, na maji yanafuata chumvi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa. Kinachoua ni kuishiwa maji.

5. ORS INAFANYAJE KAZI?

Kuna mlango mwingine ambao sumu haiugusi. Robert Crane aliueleza mwaka 1960: unapitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, kama geti la watu wawili wawili. Ukinywa maji matupu mlango huo haufanyi kazi vizuri. Ukiweka chumvi NA sukari unafunguka, vinaingia vyote, na maji yanafuata.

Mwaka 1971 Dk. Dilip Mahalanabis aliwapa mchanganyiko huo wakimbizi kule Bangaon, India. Vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4.

Kama pakiti ya ORS haipo:
- maji safi yaliyochemshwa na kupoa, lita 1
- sukari vijiko vya chai 6, visawazishwe juu, visiwe na kilima
- chumvi NUSU kijiko cha chai, nacho kisawazishwe

Usizidishe chumvi, ni hatari, hasa kwa mtoto. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Na huu mchanganyiko ni wa kumshikilia mgonjwa njiani, siyo wa kumbakiza nyumbani: mkimbize hospitali huku anakunywa kidogo kidogo.

Nawasilisha wadau. Mliosoma sayansi, mwenye la kuongeza au swali atupie hapo chini, tuelimishane.