Glukosamini: Salfeti na Hidrokloraidi

Glukosamini ni sukari yenye naitrojeni ambayo mwili huitengeneza wenyewe kutokana na glukosi, kisha huitumia kujenga gegedu, ile tabaka laini yenye utelezi inayozuia mifupa isisagane kwenye maungo. Ya dukani asili yake ni nyingine kabisa: magamba ya kamba, kaa na kambakochi, yaani yale yale yanayotupwa jaani baada ya mlo. Mjerumani Georg Ledderhose aliipata mwaka 1876 alipoitia asidi kali kitini, dutu inayoyapa magamba hayo ugumu wake. Siku hizi ipo pia inayotokana na kuvu ya Aspergillus niger, nayo huwafaa wasiogusa vya baharini.

Mnunuzi hukutana hasa na chumvi mbili, salfeti na hidrokloraidi. Aina ya tatu, N-asetiliglukosamini, ambayo si chumvi, haijajaribiwa sana kwa wagonjwa ambao gegedu ya magoti yao imechakaa.

Utatanishi uko kwenye lebo. Takriban kila kopo husema miligramu 1500 kwa siku, lakini 1500 za nini? Za hidrokloraidi zina glukosamini yenyewe kama miligramu 1250. Salfeti hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo watengenezaji huituliza kwa chumvi ya mezani au kloridi ya potasiamu. Kama 1500 ni salfeti peke yake, glukosamini iliyomo ni kama miligramu 1180. Kama chumvi ya mezani nayo imehesabiwa humo, hushuka hadi 940 hivi. Mwenye shinikizo la damu ana sababu ya ziada ya kusoma maandishi yale madogo, maana chumvi hiyo ni sodiamu anayoimeza kila siku.

Kwa hesabu hiyo hidrokloraidi ingeshinda. Majaribio yakasema vingine. Mwaka 2001 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Reginster na wenzake: wagonjwa 212 wa goti, miaka mitatu, salfeti kila siku. Nafasi kati ya mifupa ya goti ilipungua zaidi kwa waliopewa dawa bandia kuliko kwa waliokunywa salfeti. Ila dawa na fedha vilitoka kwa mtengenezaji, jambo ambalo wakosoaji hawajalisahau. Marekani, jaribio la GAIT lililogharimiwa na serikali lilikuwa na watu 1583 na lilitumia hidrokloraidi, na matokeo yake ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba, kwa jumla, dawa haikupunguza maumivu zaidi kuliko kidonge bandia.

Je, tofauti ni salfeti, au ni mfuko uliolipa? Chumvi zote mbili zikiyeyuka huachia glukosamini ile ile, na hapo ndipo hoja ya ubora wa salfeti inapodhoofika. Uchambuzi wa majaribio 10 uliotolewa na jarida la BMJ mwaka 2010 haukuona nafuu yenye maana kwa mgonjwa. Chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kilishauri kwa mkazo glukosamini isitumiwe kwa goti, nyonga wala mkono. Wataalamu wa ESCEO, jumuiya ya Ulaya ya magonjwa ya mifupa na maungo, bado wanaipendekeza, lakini salfeti ya fuwele inayotolewa kwa cheti cha daktari tu.

Anayetumia warfarini amwone daktari kabla ya kugusa aina yoyote kati ya hizi: glukosamini imeripotiwa kuizidishia dawa hiyo nguvu, hata damu ikachelewa kuganda.