Sauti Kutoka Ng'ambo: Redio za Melini na Redio za Ukombozi

Mwezi uliopita watoto wetu walifanya mazoezi ya igizo la Sikukuu ya Uhuru sebuleni kwangu hapa Oud Metha. Walipanga viti mfano wa meli, wakageuza mwiko kuwa kipaza sauti, na mwanangu akatangaza: "Hapa ni redio ya maharamia!" Wazazi wengine walishtuka. Wazo lilikuwa langu, kwa hiyo naomba nieleze lilikotoka.

Mwaka 2007 nilikuwa Uingereza nikisomea shahada ya uuguzi. Agosti ile, redio ya BBC ya Essex ilitangaza kwa siku kadhaa kutoka ndani ya LV18, meli kuukuu ya taa iliyofungwa katika bandari ya Harwich. Mzee mmoja katika wodi niliyokuwa nikijifunzia kazi alisikiliza kwa redio yake ndogo huku akicheka peke yake. Nilipomuuliza kulikoni, akasema, "Watu hawa walipigwa marufuku. Leo BBC wenyewe wanawaiga!"

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, redio ndani ya Uingereza ilikuwa mikononi mwa BBC peke yake, na muziki wa vijana ulipigwa kwa kupimiwa. Machi 1964 Ronan O'Rahilly, kijana wa Ireland, alianzisha Radio Caroline ndani ya meli iliyotia nanga nje ya maili 3 za bahari ya Uingereza, mahali ambapo sheria ya leseni haikufika. Meli nyingine zikafuata. Hawakuteka chombo cha mtu. Waliitwa maharamia kwa kukosa leseni tu. Agosti 1967 sheria mpya ilianza kazi: Mwingereza akawa na kosa akitangaza humo, akiwapelekea chakula, au akiwapa tangazo la biashara. Vituo vingi vilifungwa, ingawa Caroline iliendelea. Mwezi uliofuata tu, BBC ikafungua Radio 1 kwa ajili ya vijana na kuwaajiri baadhi ya watangazaji wale wale. Igizo la Harwich lilikuwa kumbukumbu ya miaka 40 ya sheria hiyo.

Jioni ile nilimpigia baba simu Tanga nikamsimulia. Akacheka. "Sisi tuliyajua hayo kabla yao," akasema. "Ila meli yetu ilikuwa mji mzima. Cairo."

Alikuwa na haki. Mwaka 1954 redio ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na baadaye ikaja Sauti ya Afrika Huru. Miongoni mwa watangazaji alikuwemo Ahmed Rashad Ali wa Zanzibar. Watawala wangeweza kuzuia gazeti bandarini, lakini mawimbi ya masafa mafupi hayapiti forodhani. Baba alikumbuka babu akifunga dirisha, akipunguza sauti, na majirani wakiinama kuizunguka redio moja.

Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, zamu ikawa yetu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, na Radio Tanzania ikawapa wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wenzao nafasi ya kusema na watu wao. Dar es Salaam ikawa meli yao. Msumbiji ilipata uhuru 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990, na Afrika Kusini ikapiga kura 1994.

Watoto wetu mliozaliwa hapa, fahamuni hili: kukaa mbali na nyumbani si kunyamaza. Sauti nyingi zilizotufaa zilisemwa kutoka ng'ambo.

Lakini sauti isipotunzwa hupotea. Baba amekwishafariki, na sina hata dakika moja ya sauti yake. Kazini nimeona mara nyingi familia ikikumbuka swali siku ambayo mzee hawezi tena kujibu. Nililiona kwa wengine, nikasahau kwangu.

Kwa hiyo watoto wamempigia shangazi yangu, mwenye miaka 75, wakamrekodi. Usiku wa Uhuru alikuwa na miaka 11. Alilala kwa jirani akisubiri, akaamshwa bendera yetu ilipokuwa ikipanda. Mtamsikia katika igizo. Hatutarusha chochote hewani, maana hapa nako leseni ni leseni. Vipaza sauti vya ukumbini vitatosha.

Ukirudi nyumbani usiku huo, mpigie mzee wako. Muulize alikuwa wapi, na alisikia nini. Rekodi.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.