Namba zinazopendana: kutoka 220 hadi 9,437,056



Chukueni daftari na kalamu. Andikeni vigawo vya 220, bila ya 220 yenyewe: 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Jumla yake ni 284. Sasa vigawo vya 284: 1, 2, 4, 71 na 142. Jumla ni 220! Kila moja inamzaa mwenzake. Ndiyo maana wataalamu walioandika kwa Kiarabu waliziita namba zinazopendana.

Wayunani waliijua jozi hii moja. Aliyetoa kanuni ya kupata nyingine ni Thabit ibn Qurra, mtu wa Harran aliyefanya kazi Baghdad na kufariki mwaka 288 Hijria (901).

Kanuni yake ni hii. Chukua 2 na 4, ambapo ya pili ni maradufu ya kwanza. Zidisha kila moja kwa 3 kisha utoe 1: utapata 5 na 11. Halafu 9 × 2 × 4, toa 1: ni 71. Zote tatu ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Basi 4 × 5 × 11 ni 220, na 4 × 71 ni 284.

Ukichukua 4 na 8 kanuni haikupi kitu, kwa sababu unapata 287, nayo ni 7 × 41. Lakini 8 na 16 zinatoa 23, 47 na 1,151, zote tasa. Hapo inazaliwa jozi ya 17,296 na 18,416.

Jozi hiyo ilijulikana Ulaya kwa jina la Fermat, mwaka 1636. Kumbe Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki karibu mwaka 1319, alikwisha kuiandika zamani! Descartes naye mwaka 1638 alitoa 9,363,584 na 9,437,056, ambazo hutoka katika 64 na 128. Katika karne hiyohiyo Muhammad Baqir Yazdi wa Uajemi aliipata jozi hiyo pia.

Je, tujivune? Tushukuru, lakini tuseme kweli. Thabit hakuwa Muislamu, alikuwa Msabai. Mtoto anayefundishwa sifa zisizo za kweli, siku akiijua kweli atatilia shaka na yale mengine tuliyomfundisha.

Tena kanuni ile haizai jozi zote. Mwaka 1866 kijana wa Kiitalia wa miaka 16, Nicolò Paganini, alipata 1,184 na 1,210, ndogo kuliko za al-Farisi, na wakubwa wote walikuwa wamezipita.

Kwa hiyo, wanafunzi, msiseme kila kitu kimeshagunduliwa. Leo usiku jaribuni nyumbani vigawo vya 1,184. Mkikosea, rudieni.