Mto Murray na Majimbo Yaliyougawana

Mwaka 1981 mlango wa Mto Murray, kusini mwa Australia, uliziba. Mchanga wa bahari ulijaa pale maji matamu yalipozoea kutokea, na kwa mara ya kwanza tangu kumbukumbu zianze kuandikwa, mto huo ukashindwa kufika baharini. Maji mengi yalikuwa yameishia njiani, kwenye mashamba ya majimbo ya juu, na walioyachota walikuwa na ruhusa ya sheria.

Ruhusa hiyo ina umri sawa na nchi yenyewe. Katika miaka ya 1890, makoloni ya Waingereza yalipojadili kuungana, Murray ilizua ubishi mrefu. South Australia, iliyo mwisho wa mkondo, ilitaka kina cha maji kilindwe ili meli za mvuke zipite na shehena. New South Wales ilitaka maji ya kumwagilia mashamba yake. Wa juu wakashinda. Kifungu cha 100 cha katiba iliyoanza kutumika mwaka 1901 kinaikataza serikali ya shirikisho kutumia sheria zake za biashara kulipunguzia jimbo, au wakazi wake, matumizi ya maji ya mito kwa kiasi kinachofaa. Kiasi hicho ni kipi? Katiba ilinyamaza.

Shirikisho lilizaliwa katikati ya ukame mkali. Mwaka 1902 wakulima waliokata tamaa waliwaita viongozi Corowa, mji mdogo ukingoni mwa Murray, na Waziri Mkuu Edmund Barton akaenda. Mkataba wa kugawana maji ulitiwa saini mwaka 1914, na tume ya mto ikaanza kazi mwaka 1917. Ilikuwa na wajumbe wanne: wa serikali ya shirikisho, New South Wales, Victoria na South Australia. Uamuzi mkubwa haukupita mpaka wote wanne wakubali.

Tume hiyo ilijua kujenga. Bwawa la Hume lilikamilika mwaka 1936, na South Australia ikahakikishiwa fungu lake la maji. Lakini kila mjumbe aliingia kikaoni akiitetea serikali iliyomtuma. Hakuna aliyetumwa na mto. Queensland, ambako vijito vingi vya Mto Darling huanzia, haikuwamo kabisa, ingawa Darling humwaga maji yake Murray. Tume ilipewa kazi ya kugawa maji, na kwa miongo mingi chumvi iliyozidi kupanda ndani ya maji hayo haikuwa kazi yake.

Mwishoni mwa 1991 mwani wenye sumu ulitanda kwenye Darling kwa zaidi ya kilomita 1,000. Maji yalibadilika rangi yakawa kijani, na hapo hata wa juu waliogopa. Mwaka 1995 majimbo yakakubaliana kuweka kikomo cha maji yatakayochotwa.

Kisha ukame mwingine ukapiga hodi. Kuanzia Oktoba 2002 mashine zilichimba mchanga mlangoni ili bahari na mto visitengane. Kufikia 2009 Ziwa Alexandrina, lililo karibu na mlango huo, lilikuwa limeshuka chini ya usawa wa bahari.

Januari 2007 Waziri Mkuu John Howard alitangaza mpango wa maji wa dola bilioni 10 na kuyaomba majimbo yakabidhi madaraka yao juu ya mto. Victoria ilikataa. Wanasheria wa serikali wakapita njia nyingine, ambayo mimi naiona kuwa ya busara kuliko zote katika historia hii: Australia ilikuwa imesaini mikataba ya kimataifa, ukiwamo ule wa Ramsar wa mwaka 1971 unaolinda ardhi oevu, makazi ya ndege wa majini, na shirikisho lina madaraka ya kutimiza ahadi zake kwa mataifa mengine. Sheria ya Maji ya 2007 iliegemea hapo kwa sehemu kubwa. Ndege wa majini walifungua mlango ambao mawaziri walishindwa kuufungua kwa karne nzima.

Mpango wa bonde lote la Murray na Darling ulipitishwa mwaka 2012, ukilenga kuurudishia mto lita bilioni 2,750 kwa mwaka. Miaka miwili kabla, wakulima wenye hasira walichoma nakala za mapendekezo yake mjini Griffith. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Miji yao inaishi kwa maji hayo. Lakini mapema 2019, huko Menindee, samaki kwa mamia ya maelfu walielea wamekufa kwenye Darling, na mpango ukiwa tayari ni sheria. Na mlangoni, mashine za kuchimba mchanga zilizokuwa zimepumzishwa mwaka 2010 zilikwisha kurudishwa kazini tangu 2015.